Madume Mawili, Namba Moja

Huku kwetu watu wanauana kwa ng'ombe, na ukisimuliwa unatikisa kichwa na kuendelea na uji wako. Wanauana kwa mpaka wa shamba. Tangu dhahabu ipande bei mpaka walimu wakatupa chaki na kushika sururu, wanauana kwa duara, yaani shimo la machimbo. Hayo yote nayaelewa. Lakini Hezekia alikatwa panga la shingo kwa sababu ya treni ya kuchezea, na ndugu yangu Tonny akafungwa kamba kwenye mguu wa meza ili akilipie kifo hicho, na mpaka leo nikilifikiria jambo hili hasira inanipanda.

Mimi ni Everlyne, fundi wa simu na ving'amuzi pale senta ya Nyarero. Siku hiyo nilikuwa na televisheni ya gesti mezani, mgongo wazi, Robi aliponipigia. Robi ni mke wa Nyangwine, ndiye anayepika kwenye ukumbi wa mumewe kule machimbo ya Gesarya. Alikuwa ananong'ona.

"Eve, acha chochote unachofanya, uje. Wameua mtu hapa. Tonny wamemfunga. Wanasema treni zisipotii kabla jua halijazama, wanamtupa kwenye duara."

"Zisipomtii nani?"

"Njoo, mwanamke! Maswali utauliza hapahapa."

Nikafunga bisibisi, koleo, waya wa kuchomelea na kipimo cha umeme kwenye leso, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyokubali kwenda Gesarya. Dereva alisikia ninakokwenda na sababu, akaniomba nilipe kabla ya kuondoka. Nikamtukana, nikalipa.

Treni yenyewe ilikuwa ya Mzungu mmoja, fundi wa mitambo ya kutoboa miamba. Mkataba wake ulipoisha aliona ni mzigo kuirudisha kwao, akamwachia Nyangwine. Mtu mzima na ndevu zake anacheza treni, lakini kila mtu na ugonjwa wake. Nyangwine, ambaye ni mwenye duara namba tisa, akatengenezesha meza ndefu katikati ya ukumbi. Juu yake akalaza njia mbili za reli, moja sambamba na nyingine, na kila njia akaiwekea kichwa kimoja cha treni, kiasi cha kushikwa kwa kiganja. Kimoja chekundu, kingine cheusi. Wachimbaji hawakuviita vichwa. Waliviita madume, Jekundu na Jeusi, na wakavishindanisha kama fahali. Wewe unashika rimoti ya dume lako, mwenzako anashika ya lake, na wa kwanza kufika mwisho wa meza anaondoka na mifuko ya mawe ya dhahabu ya mwenzake.

Penye mashindano hapakosi wezi. Watu walipaka mafuta magurudumu ya dume la adui, wengine wakaficha sumaku chini ya meza. Wenye maduara wakakaa, wakatunga sheria. Kwanza, chini ya meza pakazibwa kwa bati na misumari. Pili, dume likishawekwa relini, mkono wa mtu usiliguse tena mpaka shindano liishe. Mkono utakaoligusa ni mali ya ukumbi. Hilo halikuwa fumbo. Kulikuwa na gogo karibu na mlango, na juu ya gogo alikaa mtu anaitwa Heche na panga lake, na kule Gesarya niliwahi kumwona mwanaume anafunga vifungo vya shati kwa meno.

Tonny ndiye alikuwa mtunzaji wa madume. Ndugu yangu yule alivipenda vyuma vile kupita kiasi. Aliyapiga mswaki magurudumu kila asubuhi, na ukimuuliza habari za watoto anakujibu habari za gia. Nilimtania kwamba siku moja atampelekea mahari Jekundu, na mke wake atacheza ngoma kwenye hiyo harusi.

Nilipoingia ukumbini, watu wa Nyangwine walikuwa upande wa jikoni na watu wa Waitara upande wa mlango, mapanga nje pande zote. Waitara ni mwenye duara la jirani, mmoja wa hao walimu waliotupa chaki. Hezekia alikuwa mtoto wa dada yake. Alilala sakafuni chini ya turubai, miguu imetokeza, kiatu kimoja kimemvuka. Damu ilikuwa imeingia kwenye nyufa za saruji na nzi walikuwa wamesharithi. Ilinibidi nikanyage humo ili nimfikie Tonny.

Jicho lake moja lilikuwa limefunga kwa uvimbe, na mdomo umepasuka. Nilitaka kulia, lakini nikaona hawa hawastahili kuniona nikilia.

"Shikamoo baba Waitara. Shikamoo baba Nyangwine," nikasema, maana hata penye maiti adabu ni adabu.

"Marahaba," Waitara akaitika. Nyangwine hakuitikia. Yeye ni mtu ambaye kila l kinywani mwake inatoka r, na akikasirika zinatoka nyingi.

"Wewe ndiye dada yake? Ndugu yako amekura pande zote mbiri. Kama hajakura, dume rangu rimerogwa na nani?"

"Nyaminwa, dada yangu, sijala kitu kwa mtu," Tonny akasema. "Niliandika namba tu."

"Nieleze polepole. Hawa wengine wanyamaze."

Akanieleza. Kila dume lina king'amuzi tumboni, ndugu yake yule wa televisheni, ila ni kidogo kuliko kiberiti. Rimoti inatuma amri pamoja na namba, kupitia kiboksi cha amri kilicho pembeni ya meza, na king'amuzi chenye namba hiyo ndicho kinachotii. Kingine kinakaa kimya, kama darasani mwalimu akiita jina lisilo lako. Jekundu la Nyangwine lilikuwa tatu, Jeusi la Waitara lilikuwa tano. Asubuhi hiyo Nyangwine na Waitara waliweka dau ambalo halijawahi kuwekwa: duara lenyewe. Atakayeshinda anachukua shimo la mwenzake na kila kilichomo. Madume yalikuwa yameshakaa relini Nyangwine alipokumbuka kwamba duara lake ni namba tisa, akaamuru Jekundu nalo lipewe tisa, kwa ajili ya bahati.

"Mzungu alinifundisha kwamba dume linaandikiwa namba likiwa peke yake," Tonny akasema. "Nikawaomba nilitoe relini. Wote wawili wakakataa. Wakasema hakuna mkono."

"Sheria ni sheria," Heche akasema kutoka kwenye gogo lake.

"Nikaandika hivyohivyo, yote mawili yakiwa juu. Mzungu hakuniambia itakuwaje."

Ikawa hivi. Nyangwine alibonyeza rimoti yake, madume yote mawili yakachomoka. Waitara naye alikuwa anabonyeza yake, akaamini Jeusi linamtii yeye. Jeusi likafika kwanza. Upande wa mlango wakaanza kucheza. Nyangwine, kwa hasira, akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, na madume yote mawili yakarudi nyuma. Akapiga kelele kwamba Jeusi limekimbia kwa kidole chake, kwa hiyo ushindi ni wake. Waitara akasema dume lake ni dume lake hata likisukumwa na shetani. Hezekia akaruka kumnyang'anya Nyangwine rimoti, na panga likatoka upande wa jikoni. Panga la nani, hakuna aliyekubali. Lilimpata chini ya sikio, na akafa akijaribu kuziba damu kwa viganja vyake.

Watu wakajiuliza ni nani amesababisha yote haya. Pande zote mbili zikamwona Tonny.

Nikachukua rimoti ya Nyangwine, nikabonyeza kidogo. Madume mawili yakatetemeka pamoja. Nikachukua ya Waitara, nikabonyeza. Kimya.

"Yamekuwa na jina moja," nikasema. "Kiboksi kikiandika namba, kinaandikia kila king'amuzi kinachopata umeme kwenye reli. Yote mawili sasa ni tisa. Unaita mmoja wanaitika wawili, kama kuita Robi kwenye harusi ya Wakurya."

"Abee?" Robi akaitika kutoka jikoni, na wanaume wawili watatu wakacheka kabla hawajakumbuka maiti.

"Dawa yake ni ndogo. Nitoe moja relini, niandike, nilirudishe."

Heche akasimama. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti. "Toa," akasema. "Utalitoa kwa mkono gani, wa kulia au wa kushoto?"

Sikulitoa. Nikasema nijaribu njia nyingine, labda king'amuzi cha Jeusi kitakumbuka namba yake ya zamani. Nikaenda kwenye kiboksi, nikaandika tano. Nikabonyeza rimoti ya Waitara, na Jeusi likasogea. Jekundu nalo likasogea. Badala ya tisa mbili, sasa nilikuwa na tano mbili.

Upande wa mlango wakashangilia kwamba hata dume la Nyangwine sasa linamtambua Waitara. Upande wa jikoni wakasema mwanamke huyu ametumwa. Jitu moja la Nyangwine likainua panga kwa ubapa, likampiga Tonny bega la kulia. Nilisikia mfupa ukilia. Tonny hakupiga kelele, alitoa pumzi tu, na mkono ule ukaning'inia.

Mimi nina hasira za mama yangu, na mama alishawahi kumfukuza mwizi wa ng'ombe kwa mwiko. Nikamtandika yule mtu usoni kwa kipimo changu cha umeme mpaka kioo chake kikavunjika. Akanishika kisogo, akanigonga uso kwenye ukingo wa meza. Jino likatoka. Akaninyanyua anigonge tena.

"Mwache," Waitara akasema. "Jua bado lipo."

Akaniachia. Nikabaki nimeinama pale pale, natema damu, uso karibu kabisa na mbao. Ndipo nikaziona. Kutoka kwenye kiboksi cha amri zilitoka nyaya nne, zikaingia kwenye tundu la meza mbili mbili. Nikaikumbuka ile gesti ya Nyarero. Chumba kimoja kikiharibu picha za vyumba vyote, sihitaji kumtoa mgeni kitandani. Nachomoa waya wa chumba chake tu, basi.

"Kila reli ina waya wake," nikasema. "Nikikata umeme wa reli moja, dume lake linalala. Halisikii, haliandikiwi. Namwandikia mwenzake peke yake. Hakuna mkono utakaogusa dume. Skrubu za nyaya ziko chini. Nifungulieni bati."

Wakaanza kubishana kama wako mahakamani. Nyangwine akasema bati ni ra meza, na meza ni ya dume. Waitara akauliza kwa sauti yake ya darasani, sheria inataja bati? Mwingine akasema chini ya meza nitaweka sumaku. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mlango wa magharibi na lilikuwa linatambaa kumfikia Tonny. Mwishowe wote wakamgeukia Heche, kwa sababu yeye ndiye alikuwa sheria.

Heche akafikiri. "Bati si dume," akasema.

Wakang'oa misumari. Nikatambaa chini ya meza, na Heche akatambaa nyuma yangu, panga limegusa uti wa mgongo wangu, anatazama kila kidole ninachosogeza. Mikono yangu ilikuwa inateleza kwa damu ya mdomo. Nikalegeza skrubu mbili za reli ya Jeusi, nikazivuta nyaya nje. Juu, mtu akasema taa ya Jeusi imezimika. Nikatoka, nikaandika tisa. Nikarudi chini, nikafunga nyaya, nikatoka tena. Nilimwomba Mungu kwa Kiluo, kwa Kiswahili, na kwa matusi.

"Baba Nyangwine, bonyeza."

Akabonyeza. Jekundu likatembea hatua ndogo, likasimama. Jeusi halikutikisika.

"Baba Waitara."

Akabonyeza. Jeusi likatembea peke yake.

Kuna mtu alisema "Eee!" kama aliyeona mvua. Nikachukua kisu cha jikoni kwa Robi, nikamkata Tonny kamba. Hakuna aliyenizuia. Akasimama akiyumba, mkono wa kulia umekufa, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinama kutazama kama magurudumu yako salama. Nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia kwa pamoja.

"Twende nyumbani, owadwa, ndugu yangu," nikamwambia.

"Ngoja," Waitara akasema. Alikuwa amesimama karibu na turubai. "Wewe umeona ndani ya mambo haya. Niambie. Nani aliiba?"

"Hakuna aliyeiba, baba."

"Nani alikosea basi?"

Ningeweza kusema sijui, nikaondoka. Lakini mdomo uliokosa jino unauma, na nilikuwa nimeshachoka na wanaume wale. "Mliogopa kuibiana, mkakataza mkono," nikasema. "Mkono wa Tonny ungeligusa dume asubuhi, kijana huyu sasa hivi angekuwa anakunywa soda. Sheria yenu ndiyo iliyomuua. Pande zote mbili mliitunga, pande zote mbili mliishikilia."

Waitara alimtazama mtoto wa dada yake. Nadhani alikuwa anamfikiria huyo dada, na maneno atakayompelekea. Utamwambiaje mama kwamba mwanawe ameuawa na sheria? Sheria haina mji wa kwenda kuuchoma. Haina ng'ombe wa kulipa.

"Damu ya mtoto huyu haina mwenyewe?" akauliza, na sauti ya ualimu ilikuwa imekwisha. "Haina mwenyewe?"

Akainua rungu kwa mikono miwili, akaipiga meza kwa nguvu zake zote.

Mbao zikaruka. Jekundu lililalia ubavu hapo hapo lilipokuwa. Jeusi likatoka relini, likateleza mpaka ukingoni, likaanguka. Na Tonny akalidaka.

Alilidaka kwa mkono wa kushoto, karibu na sakafu, kama mama anavyodaka mtoto anayeanguka kitandani. Hakufikiri. Angefikiri asingeweza. Akalinyanyua, akalipuliza vumbi, akanitazama kwa lile jicho moja zima huku akitabasamu. "Limepona," akasema.

Kisha akaona wanavyomtazama, na tabasamu likamtoka.

"Lilikuwa hewani!" nikapiga kelele. "Sheria inasema likiwa relini! Halikuwa relini!"

"Sheria inasema mpaka shindano liishe," Waitara akasema. "Shindano halijaisha."

Nyangwine akamtazama Waitara, na Waitara akamtazama Nyangwine. Siku nzima wale wawili hawakukubaliana hata juu ya bati. Sasa walitikisa vichwa kukubali, pamoja, taratibu, na niliona mabega ya watu yakishuka pande zote za ukumbi, kama watu waliotuliwa mzigo. Walikuwa wamempata mwenyewe.

Walinishika wanne. Mmoja nilimng'ata mpaka nikasikia chumvi yake, akanipiga ngumi ya tumbo. Tonny walimburuta mpaka kwenye gogo, wa jikoni wakamshika miguu, wa mlangoni wakamshika bega lililovunjika. Alikuwa anasema, "Baba Heche, nina mmoja tu. Huu mwingine haufanyi kazi. Baba Heche, nina mmoja tu." Heche akamwambia pole. Alisema pole, nilimsikia kwa masikio yangu. Panga la kwanza halikupita. La pili likapita.

Robi alikuja na majivu na kanga yake, na pamoja tukamtoa nje, tukamketisha ukutani. Nikaufunga mkono kwa waya wangu wa kuchomelea, nikakaza kwa bisibisi mpaka damu ikapungua. Robi akakimbia kumtafuta mwenye pikipiki. Tonny alikuwa mweupe midomoni, meno yanagongana, na mimi sasa nilikuwa nalia bila kujali nani ananiona.

"Jeusi limeumia?" akaniuliza.

Nikakaza waya tena. Ndani walikuwa wanainua meza. Nilisikia nyundo, nikasikia mtu akiomba koleo ya kunyooshea reli, nikasikia Nyangwine akihesabu kwa sauti mpaka tatu. Halafu ule mlio mwembamba wa magurudumu, wa kwanza, na pembeni yake wa pili, na watu wakaanza kushangilia.

Hayakugongana, wala moja halikuitikia la mwenzake. Kila dume lilimtii bwana wake mpaka mwisho wa meza, sawasawa na nilivyoyatengeneza.